Bahari Niliyoikoroga Jikoni

Wiki iliyopita mliniacha nimepiga magoti kwenye choo cha yoti ya watu, chupa ya chai mkononi, na sikuwa nimekwenda kunywa chai.

Ambao hamkusoma, msihangaike kutafuta gazeti la zamani. Saa hizi limeshafungiwa karanga.

Kisa ni kifupi. Mwanangu wa mwisho, fundi wa meno ya bandia, ana miaka arobaini na miwili na ameamua kuzunguka bahari. Si peke yake. Anamchukua mkewe, mwalimu wa hesabu, na mjukuu wangu wa miaka saba ambaye kwa udogo na ubishi wake tunamwita Nyenyere. Miaka miwili wasionekane. Wamepata yoti ya matanga, ya kisasa, ya familia, iliyotumika lakini haijachoka. Ndivyo tangazo lilivyosema. Hata mimi nikiuzwa naomba niandikiwe hivyo hivyo.

Na mimi? Mimi nabaki kuangalia nyumba. Kana kwamba nyumba itatoroka.

Basi nikaamua hawaendi. Sikumwambia mtu. Nawaambia ninyi kwa sababu mwanangu hasomi magazeti, anasoma vitabu vya kufunga kamba.

Wiki tatu mfululizo nimemsema mkwe wangu humu humu. Nimesema yeye ndiye aliyemjaza mume wake upepo. Nimesema anatabasamu sana kwa mtu asiye na hila. Kuna msomaji aliniandikia kwamba mimi ndiye mkwe asiyefaa. Barua nimeisoma, mama. Mwandiko wako mzuri.

Sasa, tumboni mwa yoti, chini ya sakafu, pana kishimo kinachokusanya maji yote yanayopotea njia. Mafundi wanakiita ngama. Choo cha boti hii kina kifuniko sakafuni, ukikiinua unaiona. Mara ya kwanza, Jumapili ile ambayo injini nayo ilikataa kuwaka, nilimimina humo maji ya bomba, nikategemea mkaguzi akija atapiga yowe kwamba boti inavuja.

Hakupiga yowe. Alichovya kidole, akakitia mdomoni.

"Hayana chumvi," akasema. "Ya mvua haya. Boti ni nzima."

Kumbe ndiyo kazi yao. Wanaonja. Maji yakiwa na chumvi, bahari imeingia. Yakiwa hayana, ni mvua au tanki. Mtu kasomea miaka mingi, kipimo chake ulimi.

Wiki hii, basi, nikaingia jikoni kupika bahari.

Nilichemsha maji, nikatia chumvi, nikakoroga, nikaonja. Nikaona hii ni bahari kabisa, imekosa samaki tu. Nyenyere akaingia wakati namimina kwenye chupa.

"Bibi, hiyo nini?"

"Dawa ya kusukutua koo."

"Koo linakuuma?"

"Linanikaba."

"Baba anasema baharini hakuna mafua."

"Baba yako daktari?"

Akafikiri. "Wa meno."

"Wala si wa meno. Anayatengeneza tu, wenye meno yao hawamjui."

Jumapili tukaenda gatini, sote. Mwanangu alinishika mkono kunipandisha, kwa upole kama mtu anayebeba mayai, nikajisikia vibaya kwa muda wa hatua mbili.

"Mama, tazama jiko! Linaning'inia. Boti ikilala upande, sufuria inabaki wima."

"Na mpishi?"

"Mpishi anajifunga mkanda."

"Mkwe wangu, umesikia? Utapika umefungwa kama mbuzi."

"Nimesikia, Mama," akacheka. "Jiko zuri."

Kila kitu kwake kilikuwa kizuri. Kitanda kizuri. Ngazi nzuri. Choo kizuri, ambacho ukishamaliza haja unapiga pampu mara ishirini kwa mkono, huku umeegemea ukuta. Nikasema moyoni, mwanamke huyu anaitaka boti hii kufa na kupona.

Vyumba vya kulala vilikuwa vitatu. Cha mbele chao. Cha nyuma kulia cha Nyenyere.

"Na hiki cha kushoto?" nikauliza.

"Cha vifaa, Mama," akasema mwanangu. "Tanga la akiba, kamba, maboya."

Nikakipima kwa macho. Halafu nikakipima kwa mgongo.

"Mama, umechoka?"

"Hapana. Najaribu godoro la kamba."

Akacheka, akaenda kumwonyesha mkewe usukani. Boti ina sukani mbili, kulia na kushoto, mtu asije akakosa pa kushika akizama. Mimi nikasema naenda kujisaidia. Nikainua kifuniko, nikamimina, nikapiga pampu mara ishirini kuficha mlio. Jasho likanitoka. Uovu ni kazi ya vijana.

Mkaguzi akafika saa nne. Mimi namwita Bwana Nyundo, kwa kuwa anatembea na kinyundo cha plastiki akigonga ukuta wa boti na kusikiliza, kama daktari anayegonga kifua cha mkohozi. Akainua kifuniko. Akachovya. Akaonja.

Akaonja tena.

"Leo yana chumvi," akasema.

Mwanangu akakaa chini. Mimi nikaangalia dari, uso wa mtu asiyejua kitu.

"Ila chumvi yenyewe kidogo," Bwana Nyundo akaendelea, anakunja uso. "Sijui ni bahari au supu ya mgonjwa."

Miaka kumi na minne ya presha, wasomaji wangu. Daktari aliniambia nusu kijiko sufuria nzima, na mkono ukazoea. Hata nikipika bahari, inatoka ya mtu aliyekatazwa.

Akaandika kwamba huenda inavuja kidogo na kuchanganyika na maji ya tanki. Akataka boti inyanyuliwe kwa kreni aigonge chini. Jumanne ikanyanyuliwa, ikaning'inia hewani, mkuku wake, ule uti wa chini, nje nje mbele za watu. Nikaihurumia. Bwana Nyundo akagonga kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Tundu hakuna. Ufa hakuna. Akabadilisha mpira mmoja wa bomba, mradi asiondoke mikono mitupu.

Jumatano mwanangu akaingia nyumbani anaimba.

"Mama! Binti wa mwenye boti amepiga simu. Kwa sababu ya yale maji wamepunguza bei, na boti yenyewe haina tundu!"

"Kwa hiyo hamnunui?"

"Tunanunua haraka! Nilikuwa nimepungukiwa kidogo, sasa imetosha. Mama, wewe una baraka. Tangu uanze kuja, bei inashuka tu."

Akanibusu kipajini. Mkwe wangu alikuwa mlangoni, daftari za wanafunzi kifuani.

"Habari nzuri," akasema.

Usiku ule sikula. Nilitaka kuwafungia mlango, kumbe nimewalipia nauli.

Alhamisi asubuhi nikarudi gatini peke yangu, chupa mbili kwenye kikapu. Mlinzi nikamwambia nimesahau miwani kwenye boti. Akaitazama miwani puani mwangu, akanifungulia. Uzee una pasi yake.

Nikaingia chooni, nikainua kifuniko, nikaanza kumimina.

"Dada," sauti ikasema nyuma yangu, "hicho choo kinakunywa chai?"

Nikageuka. Kwenye kile chumba cha kushoto, mlango wazi, alikuwa amelala mzee mwembamba, goti moja juu ya mto. Mwenye boti. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, kwa mbali, binti yake akimsemea kila kitu.

"Nasafisha," nikasema.

"Chini ya sakafu?"

"Mimi ni msafi sana."

Akacheka hadi akakohoa. Akanyoosha mkono nimpe chupa. Akamimina kidogo kwenye kifuniko chake, akaonja, akatafuna kama anatafuta kitu.

"Hii bahari haina chumvi. Una presha?"

"Miaka kumi na minne."

"Mimi tisa. Pole."

"Pole na wewe, kaka."

Tukatazamana. Nikangoja aite mlinzi. Badala yake akaingiza vidole mfuko wa shati, akatoa kitu kidogo chekundu, akakiweka kiganjani.

"Fyuzi," akasema. "Unadhani Jumapili ile ya kwanza injini ilikataa kuwaka kwa nini?"

Nikakaa kwenye ngazi.

Akanieleza. Miaka thelathini na mmoja alikuwa dereva wa treni. "Miaka yote hiyo, dada, naendesha kitu kisichokata kona ninapotaka mimi. Nilipostaafu nikasema nanunua chombo kisicho na reli." Akakipata hiki. Akazunguka nacho hadi goti likafa. Sasa mabinti wameamua kiuzwe.

"Hawakukuuliza?"

"Waliniuliza."

"Ukasemaje?"

"Nikasema hapana. Wakaweka tangazo."

Nikacheka, hata sikutaka. Naye akaniuliza: "Na wewe? Unataka kwenda nao?"

"Kwenda wapi na mwili huu? Nitatapika kabla hawajafungua kamba. Niulizwe tu. Ningekataa, lakini niulizwe."

Akajikokota hadi jikoni, akatoa pakiti ya chumvi kabatini, akatia kwenye chupa yangu ya pili vijiko vinne, akatikisa.

"Sasa hii ndiyo bahari," akasema.

Tukala njama pale pale, wazee wawili wenye magoti matatu mazima. Mimi nimimine hiyo hapo hapo, yeye anyofoe nyaya. Jumamosi ndiyo siku ya kutia sahihi. Bwana Nyundo ataonja kwa mara ya mwisho. Mwanangu abaki na meno yake, dereva abaki na boti yake, Nyenyere abaki na mimi. Nikarudi nyumbani natembea kama msichana.

Jumamosi.

Tulikuwa saba, tumeizunguka meza ya ndani ya boti. Mwanangu na mkewe upande mmoja. Nyenyere katikati yao, amevaa jaketi la kuelea na amekataa kulivua. Mimi peke yangu upande wa pili. Dereva na binti yake kichwani mwa meza. Mkataba katikati, kalamu juu yake. Bwana Nyundo kasimama na kikombe alichochotea maji ya chooni.

Akaonja. Akatema kwenye sinki.

"Haya sasa ni bahari," akasema. "Hakuna mjadala. Na injini imekataa tena leo. Sijui inapovujia, na nisipojua ndiyo mbaya zaidi. Mimi siwezi kuweka jina langu mtoto alale humu."

Maji yakapiga ubavu wa boti, chapu, chapu.

Nilikuwa nimeingoja dakika hiyo mwezi mzima. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa uso wa masikitiko, nimeufanyia mazoezi kwenye kioo. Mwanangu akairudisha kalamu katikati ya meza taratibu, akaiweka sawasawa na ukingo wa karatasi, kama anavyopanga meno.

"Sawa," akasema. "Sawa. Basi."

"Baba, hatuendi?" Nyenyere akauliza.

"Hatuendi, Nyenyere."

"Hata kesho?"

"Hata kesho."

Akajaribu kutabasamu. Wasomaji, nimemzaa, nimemlea, nimemwona akianguka mtihani na akizika baba yake. Sikuwahi kumwona akitabasamu vile. Nikautafuta ule uso wangu wa mazoezi, nikaukosa. Niliokuwa nao ulikuwa wa kweli.

Hapo watu wangenyamaza, mambo yangeisha. Tungekunywa chai, tungerudi nyumbani. Lakini Bwana Nyundo ni mtu wa kumalizia kazi. Akamgeukia binti wa dereva.

"Na ninyi nawashauri msipoteze muda na tangazo jingine. Uzeni mlingoti, matanga, na injini kwa spea. Mwili ukateni kwa msumeno. Boti inayovuja pasipojulikana ni takataka."

"Umesema nini?" Dereva akauliza.

"Baba, tulia," binti yake akasema. "Tia sahihi hapa tu kwamba umeelezwa."

"Aseme tena."

"Mzee, nasema boti yako inavuja..."

Dereva akasimama. Goti likalia, sote tulilisikia. Mimi nikamkazia macho. Nikamkanyaga chini ya meza, nikakuta nimemkanyaga binti yake.

"Boti yangu haivuji," akasema.

"Maji haya hapa, Mzee."

"Haijawahi kuvuja. Nimeilalia miaka kumi na mmoja. Injini nimeitegua mimi. Ndiyo, mimi. Fyuzi hii hapa, nyaya ziko chini ya godoro. Injini nzima, na mwili mzima."

"Baba!"

"Usinifokee. Nimestaafu, hakuna atakayenifukuza."

Bwana Nyundo akainua kikombe. "Na maji, umetia wewe?"

"Maji si yangu."

Akanitazama. Nikamtazama. Nikamwomba kwa macho, kwa nyusi, kwa kila kitu kinachosogea usoni.

"Dada, nisamehe," akasema. "Wakisema mimi nimechakaa, nitavumilia. Boti hapana."

Vichwa vyote vikanigeukia. Hata Nyenyere, kidevu juu ya jaketi lake.

"Mama?" mwanangu akasema.

Nikatafuta uongo. Miaka sabini na mmoja sijawahi kuukosa, unakuja wenyewe nikifungua mdomo. Nikafungua mdomo. Hakuna kitu.

"Nilipika mwenyewe," nikasema. "Nikaleta kwa chupa ya chai."

"Ulipika nini?"

"Bahari."

Bwana Nyundo akakitazama kikombe chake, akafuta ulimi kwa leso.

"Mara ngapi?" mwanangu akauliza, sauti imeshuka chini sana.

"Mara tatu. Ya kwanza sikutia chumvi."

"Mama. Nimekubeba kuingia humu. Nimekushika mkono. Nimekwambia una baraka."

"Najua."

"Kwa nini hukusema tu, 'Mwanangu, usiende'?"

Nilikuwa natazama mikono yangu mezani. Mwanangu akavuta pumzi. Akaichukua kalamu. Nikajua ameshaamua: injini nzima, mwili mzima, bei imeshuka, na mama yake mzazi ndiye aliyeishusha. Akauvuta mkataba kwake, akafungua ukurasa wa mwisho.

"Bwana Mkaguzi, ukiandika kwamba haina tundu, natia sahihi sasa hivi. Mama Nyenyere, tia na wewe."

Akamsogezea mkewe karatasi.

Mkwe wangu hakuishika.

"Mimi nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Ya maji. Nilimwona Mama Jumapili ile ya kwanza. Kitasa cha choo hakifungi, mlango unabaki na mwanya." Alikuwa anaongea taratibu, kama anayeeleza hesabu kwa mtoto asiyeelewa. "Nikasimama hapo nje. Jumapili zote mbili. Mtu akitaka kuingia namwambia subiri, Mama yumo."

Nikainua kichwa. Mwanamke niliyemsema wiki tatu gazetini. Ambaye kila kitu kwake kilikuwa kizuri.

"Ulimlinda?" mwanangu akauliza. "Unamwona anaharibu boti yetu, wewe unamlindia mlango?"

"Yako," mkwe wangu akasema. "Boti yako."

Akasimama. Akamfungulia Nyenyere vifungo vya jaketi, kimoja kimoja, akalivua, akaliweka mezani juu ya mkataba. Akamshika mtoto mkono, akazunguka meza hadi upande wangu.

"Mama," akaniambia, "nisogezee kidogo tukae."

Nikasogea. Wakakaa, mtoto katikati yetu.

Mwanangu akabaki upande wa pili wa meza, yeye na kalamu.